Sufuria ya Siku 14: Kumpikia Mbwa Johannesburg

Ukiingia katika bucha la Yeoville na kuagiza "nyama ya mbwa" kwa Kiswahili, jiandae kujieleza. Kihusishi -a kina kazi nyingi kuliko tulivyofundishwa mwaka wa kwanza. Nyama ya ng'ombe imetoka kwa ng'ombe, nyama ya mbwa inakwenda kwa mbwa, na muuzaji kutoka Lubumbashi atakuuliza mara mbili, "Ya imbwa? Ya kumupa imbwa?" kabla hajashika kisu. (Kivenda, lugha rasmi ya nchi hii, husema mmbwa. Wanachama wetu wa isimu linganishi watafurahi.) Suala la sarufi tuwaachie walimu wetu. Makala haya ni ya jikoni.

Wanachama wengi wa klabu tunaishi katika nyumba za kuchangia kodi, watu watano au sita chini ya paa moja, na nyumba za namna hiyo Johannesburg mara nyingi zina mbwa. Anabweka usiku, anatuliza roho mchana. Nyumbani kwetu yupo mmoja wa kilo 20, jina lake Bosi, asiye na ukoo unaojulikana. Chakula kikavu cha mfuko kinapanda bei kila tunaporudi dukani, na kila mwezi kuna mtu anayetoa hoja ileile: kwa nini tusipike sufuria moja kubwa, tukagandisha, tukamaliza?

Hoja yenyewe si ngeni. Wengi wetu tuliotoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala tumekulia katika nyumba ambamo mbwa alipikiwa. Ugali wenye dagaa au omena, vichwa vya samaki, utumbo uliochemshwa, makombo ya chakula cha jana. Chakula cha mifuko kilikuwa cha Masaki na Karen. Kwa hiyo tunadhani tunalijua jambo hili. Ila kuna tofauti moja kubwa kati ya mbwa wa nyumbani kule na mbwa wa friza hapa. Yule wa kule alizurura. Aliokota mfupa kwa jirani, akala panya, akalamba kilichomwagika sokoni, na mapungufu ya sufuria yetu akayaziba mwenyewe mitaani. Huyu wa hapa yuko nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, hali chochote tusichompa. Na ukimpikia chakula cha siku 14 kwa mpigo, kosa lililomo ndani ya sufuria hiyo linagawanywa katika vifurushi 14 vinavyolingana, kisha mwezi unaofuata linapikwa tena.

Wanaohamia chakula cha kupika hutaja sababu nyingine mbali na bei: hofu ya mifuko. Hofu hiyo ina msingi, tena hapahapa Gauteng. Mapema mwaka 2011 madaktari wa mifugo wa mkoa huu walipokea mbwa waliokataa kula, wakatapika, wakageuka manjano fizi na macho. Zaidi ya 100 waliathirika, na wengi wao walikufa. Chanzo kilikuwa aflatoksini katika chakula cha dukani cha bei ya chini. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na inaharibu ini. Wakenya tunaikumbuka kwa jina lake. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao walifariki.

Kwa hiyo mtu anasema: basi nitapika mwenyewe. Vyema, lakini utapika nini? Katika nyumba nyingi za kwetu kuna desturi ambayo haikuandikwa popote: unga ulioingia unyevu, ukanuka kidogo, ukashikana mabonge, "mpeni mbwa". Huo ndio unga wa kuogopwa. Aflatoksini haiuawi na moto wa jikoni, wala friza haiigusi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi sana, kuliko hata kuku tunaowamwagia mahindi yaleyale. Unga wa mbwa uwe ule unaoula wewe, kutoka mfuko uliofungwa, uliokaa pakavu. Ukikosa wa kumpa, mpe wali.

Mahindi yana kisa kingine na mbwa, na kisa hicho kingestahili kujulikana zaidi katika nchi ya pap. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini mwa Marekani, maelfu ya watu maskini walioishi kwa mahindi waliugua pelagra: ngozi kuchubuka, kuharisha, akili kuvurugika. Mbwa wao nao waliota ulimi mweusi. Daktari Joseph Goldberger alitambua kwamba ugonjwa wa mbwa na ule wa watu ulikuwa mmoja, akautumia ulimi wa mbwa kupimia vyakula. Mwaka 1937, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Conrad Elvehjem aliwaponya mbwa hao kwa asidi ya nikotini, ile tunayoiita niasini au vitamini B3. Mahindi yanayo niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Hapa Afrika Kusini sheria inataka unga wa mahindi uongezwe vitamini na madini, niasini ikiwemo, tangu Oktoba 2003. Kwa hiyo pap ya leo si mahindi matupu ya wakati wa Goldberger. Hata hivyo, mbwa anayekula pap na supu ya mifupa tu bado yuko karibu na ulimi mweusi kuliko anavyodhani mwenye mbwa.

Na ugonjwa wa matege? Huko nako mbwa walitangulia. Mwaka 1918 na 1919, London, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa uji wa oti na kuwafungia ndani mbali na jua. Mifupa yao ikapinda. Alipowapa mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, wakanyooka. Utafiti huo ndio ulioelekeza watu kwenye vitamini D. Hapa kuna jambo la kutia akilini: jua lote hili la Johannesburg halimsaidii mbwa kama linavyokusaidia wewe, kwani ngozi yake haitengenezi vitamini D ya kutosha. Lazima aile.

Lakini kosa ambalo madaktari wa mifugo hulilalamikia kuliko yote ni dogo zaidi, nalo hufanywa na watu wenye upendo mwingi na pesa kiasi. Ni kumpa nyama safi, isiyo na mfupa, kwa wali na karoti. Sahani inavutia. Tatizo ni kwamba nyama ya msuli ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna: katika gramu 100 za nyama kuna takriban miligramu 200 za fosforasi, na kalsiamu kati ya miligramu 10 na 15 hivi. Mwili wa mbwa unataka kalsiamu isipungue fosforasi, hata iizidi kidogo. Ikipungua, mwili hautangazi. Unakwenda kuchota kwenye mifupa yenyewe, kimyakimya, na taya ni miongoni mwa sehemu zinazochotwa kwanza. Mtoto wa mbwa huanza kuchechemea baada ya majuma machache, au huvunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Mbwa mzima huchukua miezi mingi, ananenepa, manyoya yanang'aa, na kila mgeni anamsifu.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyokuwa yamechapwa vitabuni na mtandaoni, mengine yameandikwa na madaktari wa mifugo wenyewe. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubishi kimoja cha lazima, na mengi yalipungukiwa zaidi ya kimoja. Wapishi wengi hujitetea kwamba watabadilisha mapishi wiki hadi wiki ili upungufu wa leo uzibwe na wa kesho. Utetezi huo haukusimama, kwa sababu mapishi mengi yalipungukiwa vitu vilevile. Ukizungusha mapishi manne yasiyo na zinki, umezunguka bila zinki.

Sasa sufuria yetu. Mbwa mzima wa kilo 20, mwenye afya, anayetembezwa kila siku, anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Kwa siku 14 tunahitaji kalori 14,000 na kidogo. Tunanunua kilo 2 za nyama ya ng'ombe ya kusaga, kilo 2 za firigisi za kuku, gramu 300 za maini, makopo 3 makubwa ya samaki jamii ya dagaa, kilo 1.2 za unga wa sembe, boga aina ya butternut la kilo moja na nusu, karoti nusu kilo, na mafuta ya alizeti vijiko 6 vya mezani. Mboga hizi ni rahisi kwa gunia kwenye soko kuu la City Deep, ikiwa nyumba mbili au tatu zitashirikiana usafiri. Firigisi zinapatikana kila bucha, na bei yake haijawahi kututisha. Maini yasizidi hapo. Maini ni mazuri, yana vitamini A na shaba, lakini vitamini A ikizidi haitoki mwilini, inajilimbikiza.

Halafu maganda ya mayai 9. Tunayakusanya kwa wiki mbili, tunayaosha, tunayachemsha dakika chache, tunayakausha kwenye oveni na kuyasaga kwenye mashine ya kahawa hadi yawe laini kama unga wa ngano. Yakibaki chembechembe hayafai. Maganda 9 yanatoa takriban gramu 50 za unga, na ndani yake mna kalsiamu gramu 19 hivi, ambayo kwa siku 14 inamtosha mbwa wa ukubwa huu bila kupitiliza. Watu wakisikia kwamba kalsiamu ni muhimu huongeza maganda kwa ukarimu, kijiko juu ya kijiko. Usifanye hivyo. Kupitiliza nako kunadhuru, hasa kwa mtoto wa mbwa wa uzao mkubwa, na kwa watoto wa mbwa sufuria hii isitumike kabisa.

Bado haijakamilika. Zinki, vitamini E, vitamini D na iodini havifikii kiwango kwa vyakula hivi pekee, hata uchague vizuri namna gani. Ndiyo maana kuna mchanganyiko wa unga wa vitamini na madini uliotengenezwa mahsusi kwa chakula cha mbwa cha nyumbani. Mwulize daktari wa mifugo upi unafaa, na umpelekee orodha ya vitu na uzito wake, asikisie. Kama mchanganyiko huo tayari una kalsiamu, maganda ya mayai yaache. Unga huo tunautia kwenye bakuli siku ya kula, baada ya chakula kuyeyuka, si kwenye sufuria inayochemka. Kwangu mimi hili ndilo jaribio la nia: kama bajeti ya nyumba inatosha nyama lakini haitoshi mchanganyiko huo, ni heri kurudi kwenye chakula cha mfuko chenye namba ya usajili.

Kupika kwenyewe ni sehemu rahisi. Firigisi huanza, kwa maji mengi, na hapa tukumbuke tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100, kwa hiyo firigisi zilizolainika Mombasa kwa saa moja hapa zitataka zaidi. Nyama na maini hufuata, kisha boga na karoti zilizokunwa, kisha sembe inanyunyizwa taratibu huku mtu mwenye mkono imara akisonga. Samaki huja mwisho, wameoshwa chumvi. Chumvi hatuongezi. Kitunguu hakiingii, na hapa mpishi wa Kiswahili hupata taabu, maana mkono umezoea kuanza na kitunguu kabla kichwa hakijaamua kinapikwa nini. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, vibichi au vilivyopikwa, kwa hiyo pilau la jana si mboga ya mbwa. Zabibu pia hapana, wala chokoleti, wala makadamia, ambazo Kenya na Afrika Kusini zote hulima kwa wingi na ambazo humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Mfupa uliopikwa haubaki ndani ya sufuria hata mmoja, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha.

Wapo wanaopendekeza kugandisha nyama mbichi moja kwa moja na kuokoa gesi. Katika nyumba ya watu sita wanaotumia friji moja, siafiki. Baridi ya friza huwalaza bakteria kama salmonela, haiwaui. Na kwa matumbo, mapafu na maini mabichi kuna funzo kutoka Turkana, ambako mbwa waliolishwa viungo vibichi vya mifugo waliendeleza mzunguko wa minyoo inayosababisha uvimbe wa maji kwenye ini la binadamu. AMREF ilipambana na ugonjwa huo kule kwa miaka mingi. Pika.

Sufuria ya lita 20 iliyoepuliwa jioni itakuwa bado na joto katikati yake alfajiri, na hapo ndipo bakteria husherehekea. Tunaimwaga kwenye trei za kuokea, tabaka jembamba, dirisha wazi. Ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye baridi. Inatoka kilo 9 hadi 10, tunapima gramu 650 hadi 700 kwa kila siku, tunatia kwenye mifuko ya plastiki na kuibapa kama vitabu ili igande na kuyeyuka upesi. Wengine hutumia makopo ya aiskrimu ya lita 2, yale ambayo katika nchi hii hayana aiskrimu ndani kamwe. Yafaa, ila liandikwe neno MBWA kwa herufi kubwa pamoja na tarehe. Mgeni mwenye njaa usiku hasomi maandishi madogo. Kifurushi cha kesho hushushwa leo kutoka friza kwenda friji, na kilichoyeyuka kiliwe ndani ya siku tatu.

Kwa nini siku 14 na si miezi miwili, wakati friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kukihifadhi? Kwa sababu ya umeme. Tangu mwisho wa Machi 2024 mgao wa taifa umepungua sana ukilinganisha na mwaka 2023, ambao ulikuwa mbaya kuliko yote, lakini transfoma ya mtaa ikiungua hakuna ratiba inayokuonya. Friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Tunaweka humo kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu ya randi 5 juu yake. Tukirudi kutoka likizo tukakuta sarafu imezama chini ya kikombe, tunajua kilichotokea wakati hatupo, na chakula kinatupwa chote. Kupoteza sufuria ya siku 14 kunauma. Ya miezi miwili ingetutoa machozi.

Kuna jambo la nyumba za mchanganyiko ambalo halisemwi vya kutosha. Pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Methali yetu ya mcheza na mbwa kumfuata msikitini haikutungwa kwa mzaha. Nyumbani kwetu wapo wawili wa Pwani, mmoja wa Unguja na mmoja wa Lamu, nao ndio walioweka masharti kabla friza haijanunuliwa: bakuli la mbwa, sifongo lake na kijiko chake vina ndoo yao nje, mlango wa nyuma, na havivuki kizingiti. Sufuria hupikia nyama halali tu, kwa hiyo inabaki ya wote, na mbwa haikaribii. Mwanzoni wengine tuliona ni usumbufu. Sasa naona hata pasipo dini, nyumba yoyote yenye jiko moja ingefanya vyema kuiga utaratibu huo.

Swali ambalo limeulizwa katika vikao viwili vya klabu: je, tunaweza kuuza? Kumpikia mbwa wako hakuna anayekuuliza. Kuuza ni jambo jingine. Chakula cha wanyama wa nyumbani kinachouzwa Afrika Kusini kinaangukia Sheria Namba 36 ya mwaka 1947, na kinatakiwa kusajiliwa. Ile namba inayoanza na herufi V kwenye mfuko ndiyo alama ya usajili. Meza ya klabu siku ya wazi ya chuo iendelee na mandazi.

Ukiamua kuanza, usibadilishe kwa siku moja. Robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani kwa siku mbili tatu, kisha nusu kwa nusu, hadi siku ya 10. Mpime uzito kila wiki mbili: mbebe, panda mizani, kisha pima peke yako utoe. Hesabu ya sufuria haiendi sambamba na kilo, maana mbwa mdogo hula zaidi kwa kila kilo yake. Mbwa wa kilo 5 ataila sufuria hii kwa siku 40 hivi. Mwanachama mmoja wa Roodepoort amekwisha kunipigia kuuliza kuhusu boerboel wake wa kilo 60. Kwake itakwisha siku ya sita, na friza ya wanafunzi haina nafasi ya sufuria ya pili.